Mlio wa Chini: Historia ya Fundi Elijah Kiprugut

Wachungaji, wazee, akina mama, na nyinyi wateja wa gereji mliopanda hadi hapa Rongai na matope haya yote, mimi ni Kemboi, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, na kuna sehemu nitaisoma jinsi Mama Kipyegon, mjane wake, alivyoniagiza, hata kama mdomo wangu hautaki.

Elijah Kiprugut alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Keringet, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi huko huko hadi mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1977, kisha akateremka Nakuru kujifunza ufundi wa magari kwa Mzee Kang'ethe, ambaye alimfundisha kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini kwenye sikio, na kuujua ugonjwa kabla ya kufungua nati hata moja. Alifunga ndoa na Rael Jepkemei, huyu Mama Kipyegon wetu, tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa Kipyegon mwaka wa 1991 na Chesang mwaka wa 1997. Gereji yake aliifungua karibu na reli mwaka huo wa 1991, na watu walitoka hata Milimani na magari yaliyowashinda mafundi wengine, yeye anasikiliza kidogo tu, anasema shida iko hapa, na haki ya Mungu wakifungua iko hapo hapo.

Sasa hii hamkuijua, hata mimi nilikuwa sijui hadi Jumanne iliyopita. Mwaka wa 2016 daktari alimwambia kwamba kelele za injini zimemmaliza masikio, akarudi nyumbani akamwambia mke wake peke yake, kwa sababu fundi asiyesikia ni nani atamletea gari, na Mama Kipyegon akahamisha kibanda chake cha chai hadi kando ya gereji. Gari likiwashwa, mama anakuja na kikombe, anasikiliza, akigusa kitambaa cha kichwa mlio uko juu, kwenye valvu, akigusa aproni uko chini, kwenye beringi za krenki, na mzee na bisibisi yake sikioni anamwangalia tu. Sisi tulimcheka jamani, tukimwambia kwamba kwa umri ule hawezi kukaa saa moja bila bibi yake.

Jumapili tarehe 10 Agosti 2025, wakitoka kanisani, gari lao la nyumbani lilianza kugonga, na mama alisikia vizuri kabisa kwamba ni chini. Lakini mlio wa chini ni injini kushushwa, gari likae juu ya mawe wiki mbili, na koito ya Chesang, sherehe ya kupatana mahari, ilikuwa Jumamosi tarehe 16, wageni wa upande wa bwana harusi wanakuja, kuna viti na soda za kubeba, na shangazi yetu wa Molo, ambaye bila yeye mazungumzo ya msichana hayaanzi, lazima aletwe. Mama akagusa kitambaa. Mzee akarekebisha valvu Jumatatu, akaliwasha, akamwangalia tena, na mama akagusa kitambaa mara ya pili, akijiambia kwamba Jumapili inayofuata atamweleza ukweli na watacheka.

Ijumaa tarehe 15 mzee alienda kumchukua shangazi, peke yake, ili nafasi ibaki ya mizigo yake. Kwenye mlima wa Sachangwan injini ilijifunga, gari likasimama katikati ya barabara, na lori lililokuwa nyuma halikuweza kulikwepa.

Alilazwa Nakuru siku kumi. Kila aliyekuja kumwona, mzee alimwambia kwamba yeye amezeeka, kwamba alirekebisha valvu na kumbe ugonjwa ulikuwa chini, akamlilia Chesang msamaha kwa kumharibia siku yake, akamwambia Kipyegon afunge gereji asije akaua mtoto wa mtu. Mama alikaa hapo na kikombe cha uji akisikia hayo yote. Kumwambia mtu asiyesikia ni kupiga kelele, na wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, aibu ikamshika. Jumapili tarehe 24 aliinama akamwambia kwa sauti ya chini sikioni, yote, na mzee akatikisa kichwa kwa upole, akamwuliza kama nje kunanyesha. Alifariki Jumatatu saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili.

Mimi mama aliponiambia hayo Jumanne nilikasirika, sitaficha, nikatoka nje nikazunguka boma hadi miguu ikachoka, na niliporudi nilimkuta amekaa pale pale, nikaketi kando yake nikayaandika haya kama alivyoyasema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotupikia na kukaa nasi, mafundi wenzake waliofunga kazi leo, na dereva wa lori aliyemtoa kwenye gari kwa mikono yake, hatuna neno naye. Mama Kipyegon ameomba spika iongezwe sauti nisome mstari wake wa mwisho, nao ni huu.

Kiprugut, mlio ulikuwa chini, mimi nilisikia na nikakudanganya. Pumzika kwa amani, hukukosea.