Dada Yetu, Mama Vyoo

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na fundi cherehani. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, kitinda mimba. Alipokuwa na miaka mitatu alipata polio, miguu ikagoma. Mdomo haukugoma kamwe, na sisi ndugu zake ni mashahidi.

Shule ya msingi alisoma jirani na nyumbani. Choo cha shule kilikuwa na ngazi tatu mbele, na mlango mwembamba usiopitika kwa magongo. Mama alipokwenda kulalamika, mwalimu mkuu alimjibu, "Huyo ni mmoja tu, mama. Tumjengee choo chake peke yake?" Basi dada akaacha kunywa maji asubuhi, akawa anabana haja mpaka kengele ya kutoka. Walimu walimsifu kwamba ni mtoto mtulivu. Utulivu gani, jamani! Alikuwa amebanwa.

Alihitimu usanifu majengo mwaka 1992, wakati huo ameshahamia kwenye kiti cha magurudumu. Wenzake walichora maghorofa, yeye akachora vyoo vya umma: sokoni, stendi, mahakamani. Mlango mpana, nafasi ya kiti kugeuka, vyuma vya kushikia, sinki ambalo mtu aliyekaa analifikia. Wakambandika jina la Mama Vyoo wakidhani watamkera. Alilichapisha kwenye kadi zake za kazi.

Kilichomkera ni kingine. Kila choo cha walemavu alichojenga, akipita tena baada ya miezi michache anakikuta kimegeuzwa stoo. Mafagio, ndoo, makopo ya rangi, mahali pengine jenereta zima! Na kufuli juu yake. Ufunguo anao bosi, na bosi kasafiri. "Lakini walemavu wenyewe hawaji, mama," walimwambia. "Watakujaje na mmewafungia?" Sauti hiyo ilisikika mpaka barabarani.

Tarehe 19 Agosti 1995 alifunga ndoa na seremala, shemeji yetu huyu hapa mbele. Walikutana kwenye ujenzi wa zahanati, kwa ugomvi. Shemeji alikuwa ametundika mlango wa choo unaofungukia ndani. "Fundi, nikishaingia na kiti changu, huu nitaufungaje? Kwa maombi?" Shemeji akajibu kwamba ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Dada akahamia kwenye benchi, akamwambia akalie kiti ajaribu mwenyewe. Akaingia, akakwama, akaomba atolewe. Hakutolewa mpaka alipokubali kuugeuza mlango. Shemeji husema alitoka mle ndani keshapenda. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua. Daktari alimhoji sana, kisha akasema ile miaka ya kujinyima maji na kubana mkojo haikumwacha salama. Mei mwaka huu alilazwa. Wodi ilikuwa na choo cha walemavu, ndiyo, na ndani yake vitanda vibovu vimejaa hadi dirishani. Akaletewa chombo cha kujisaidia kitandani. Akakataa. "Nimechora vyoo miaka yote hii, leo nijisaidie mbele ya watu?" Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona dada akilia. Shemeji na mimi tukavitoa vile vitanda, kimoja kimoja, tukavipanga koridoni. Muuguzi akafoka, tukamwacha afoke. Dada akajisukuma, akaingia, akafunga mlango kwa mkono wake. Akakaa, akakaa. Muuguzi yule yule akaingiwa na wasiwasi, akagonga: "Mama, uko salama?"

"Niacheni, jamani! Hii nimeisubiri tangu darasa la kwanza."

Alifariki tarehe 6 Juni asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Tulipokwenda kuuchukua mwili nilipita wodini kuwashukuru wauguzi. Vitanda vilikuwa vimerudishwa chooni, na mlango umetiwa kufuli jipya. Sikushukuru mtu.

Marehemu ameacha mama, mume, binti, mkwe, mjukuu mmoja, kaka wawili na mimi. Jumatatu saa mbili tunarudi pale hospitali. Shemeji anakuja na bisibisi. Aliyetaka kuleta shada la maua, tafadhali alete mikono yake, maana vile vitanda ni vizito.

Apumzike kwa amani dada yetu. Sisi tutapumzika kile choo kikifunguliwa.