Hughena Kennedy, Mwimbaji na Dereva wa Basi la Shule la Margaree, 1961–2023

Baba Paroko, shemeji yangu Rannie, wapwa zangu Morag na Iain, nanyi majirani mliofika hapa huku theluji ikiwa magotini, mimi ni Sorley MacFarlane, kaka wa marehemu, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi niliyoikataa mara mbili, kwa sababu mtakayoisikia humu humu ndani.

Hughena Catriona alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, hapa hapa Southwest Margaree, kisiwani kwetu Cape Breton, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Angus MacFarlane, mkata magogo na mpiga fidla, na marehemu Mary Florence, aliyetuimbia kwa Kigaeli kabla hatujajua kwamba duniani kuna lugha nyingine.

Alianza shule hapa kijijini mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1979, akajiunga na chuo kikuu kule Antigonish, lakini Novemba 1980 baba aliangukiwa na mti msituni akaumia mgongo, Hughena akarudi kumuuguza, na chuoni hakurudi tena, wala sikumsikia akilalamika, ila alizoea kusema, "Chuo kina vitabu, baba ana nyimbo mia mbili, na vitabu haviumwi mgongo."

Septemba 1983 aliajiriwa kuwa dereva wa basi la shule, kazi aliyoifanya karibu miaka thelathini na minane, na wengi wenu mliokaa hapa mlibebwa naye, mkafundishwa nyimbo mtake msitake, maana mtoto aliyekataa kuitikia alihamishiwa kiti cha mbele akaambiwa, "Haya, bwana mkubwa, sasa utaimba peke yako mpaka darajani."

Tarehe 10 Agosti 1985, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Rannie Kennedy, mvuvi wa kamba-koche, wakajaliwa Morag mwaka 1987, na Iain mwaka 1990.

Mwaka 1995 studio moja ya mjini Halifax ilimwita akarekodi albamu, tukaenda wawili, yeye na sauti yake, mimi na fidla yangu, tukarekodi kwa siku nne nyimbo kumi na moja, nyingi zikiwa za baba, nami nikarudi nyumbani natembea kama jogoo. Kaseti ilifika tarehe 6 Mei 1996, nikaisikiliza ndani ya gari langu, uani, nikamsikia dada yangu, nikasikia ngoma, nikasikia kinanda, na fidla ya mtu mwingine. Wenye studio walikuwa wamemwambia kwamba mkono wangu ni mzito, ni wa kizamani, redio hazitaupokea, naye akakubali, kisha akaogopa kuniambia. Nilimpigia simu nikasema, "Nyimbo za baba umempa mgeni azipige. Usikanyage kwangu." Akasema, "Kaka, nisikilize kwanza," nikakata simu.

Albamu ile, Mto Umefunguka, ilimfikisha Boston na Glasgow, ikamletea tuzo, nanyi mkampokea kwa makofi ukumbini, mimi sikuwepo. Kwa zaidi ya miaka tisa hatukusemezana, na hata siku ya kumzika mama, tarehe 2 Februari 2001, tulisimama pande mbili za kaburi, akaninyooshea mkono, nikautia wangu mfukoni. Hamkuliona hilo, lakini lilitokea, nami nalisema leo kwa kuwa yeye hakumwambia mtu.

Oktoba 2005 aliingia jikoni kwangu bila kubisha, kama sote tunavyoingia kwa majirani bondeni humu, akavua viatu, akaketi.

"Weka chai, mzee. Umenenepa."

"Na wewe umezeeka."

"Basi tumelingana. Sorley, nilikosea, na nilijua nakosea hata wakati nawaambia sawa. Tuzirekodi upya, hapa hapa, na anayetaka ngoma akazitafute kwingine."

Nikampa mgongo nikashughulika na birika, machozi yakinitoka, naye akajifanya anaangalia nje. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Jikoni kwa Sorley, mwaka 2006, albamu ambayo redio hazikuijali sana, ingawa sijui nyumba hapa bondeni isiyo nayo.

Mapema mwaka 2021 sauti yake ilianza kukwaruza, tukamtania kwamba ni watoto wa basi wamemchosha, hadi tarehe 18 Mei madaktari walipogundua saratani ya koo, na tarehe 30 Juni, huko Halifax, akafanyiwa upasuaji ulioondoa sauti yake yote. Wiki moja kabla, nilimsihi aimbe nimrekodi mara ya mwisho, akakataa, akasema, "Nilishaimba. Sasa nataka kuongea na Rannie tu."

Hata hivyo hakuacha muziki, kwani vuli ya mwaka 2022 tulitoa albamu yake ya tatu, Miguu, akiketi kitini na kupiga miguu sakafuni huku mimi nikipiga fidla, nikikosea ananiandikia ubaoni, "Unakimbia. Nyumba haiungui."

Ugonjwa ulirudi Desemba, na tarehe 5 Februari 2023, saa tisa alasiri, alifariki nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Rannie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Halifax na Inverness, majirani mliotupasulia kuni na kutuletea supu, madereva wenzake walioshika zamu zake, na wanamuziki wote mliomtembelea, hata mlipokosa la kusema.

Hughena, mdogo wangu, wewe ulikuja ukaniomba radhi kwa kosa moja, nami nilikukosea kila siku kwa miaka tisa, nikakupa chai, nikadhani imetosha, neno lenyewe sikulitamka. Nalitamka leo, mbele ya hawa wote, nikiwa nimechelewa: nisamehe. Pumzika kwa amani.