Zephaniah Kituku, Aliyegawa Mlima

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Titus, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Zephaniah Kituku, ingawa nasoma nikiwa na uchungu, na sifichi, hata na hasira.

Marehemu alizaliwa hapa Wusi tarehe 12 Machi 1958, kifungua mimba wa hayati mzee Gibson Kituku na mama Tryphena Wakio, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Voi, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikohitimu uhandisi mwaka 1982. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Daisy Mutindi, wakajaliwa watoto wawili, Wakio na Gibson.

Mwaka 1991 alikwenda Uingereza, kazi yake ikiwa kuunganisha kompyuta nyingi zichore picha moja, picha ya milima unayoweza kuizunguka pande zote, na kazi hiyo ilimtesa jamani, kwa sababu alizigawia mashine vipande sawasawa, zilizopata anga tupu zikamaliza mapema na kukaa bure, iliyopata mlima ikabaki inahangaika, na hata akiongeza mashine kasi haikuongezeka. Desemba 1994 alikuja likizo, akaingia shambani kwa mama na wale akina mama wanaolimiana kwa zamu, akaona kwamba anayemaliza sehemu laini haketi, anahamia kwenye mawe kwa mwenzake. Alicheka peke yake pale shambani mpaka tukadhani amechanganyikiwa. Mwaka 1996 mashine zake zilifanya vivyo hivyo, na mlima wa kwanza aliouchora ulikuwa huu wetu.

Mwaka uliofuata figo zilianza kumsumbua, akarudi Voi, akatuficha sote, hata Daisy, akisema ni uchovu tu, mpaka alipoanguka tarehe 2 Juni 1998, na tarehe 9 akafariki hospitalini, akiwa na miaka arobaini. Daktari alituambia kwamba angekuja mapema, figo ya ndugu mmoja huenda ingemwokoa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi matangani, na wenzake wa kazini waliotuma rambirambi kutoka mbali.

Kaka, mashine ulizifundisha kusaidiana, lakini sisi ndugu zako wanne, wazima wa afya, ukatuacha tumekaa bure. Tungekuja, Zephaniah, sote tungekuja. Lala sasa, mawe yaliyobaki tuachie sisi.