Miaka Thelathini na Miwili ya Kusikiliza Mashine za Mshipi

Ijumaa hii, tarehe 28, saa kumi jioni, fundi mkongwe wa duka letu la zana za uvuvi atavua aproni yake baada ya kulitumikia kwa miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kadhaa ambazo ametukataza kuzihesabu. Wateja wanamjua kwa jina la Bi Sikio. Sisi wafanyakazi wenzake tunamwita Shangazi, na meneja naye anamwita hivyo hivyo, ingawa kwa umri amempita.

Aliajiriwa kufagia, na hajawahi kulionea haya jambo hilo. Mwaka wa kwanza alifagia chini ya meza ya fundi wa zamani, akawa anaokota skrubu zilizodondoka na kuzirudisha kila moja kwenye mashine yake bila kuuliza. Fundi yule alipogundua kwamba mfagiaji anajua skrubu ipi ni ya mashine ipi, alimvutia kiti. Ufagio akapewa mtu mwingine.

Kwa msomaji ambaye samaki anakutana naye sahanini tu: mashine ya mshipi ni ile inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, yenye mkono wa kuzungusha na bobini ya kukunjia mshipi. Ndani yake mna beringi ndogo, meno ya kuzungukia na breki ya kumpunguzia samaki mbio. Chembe moja ya mchanga ikiingia humo, siku ya siku mkono unakataa kuzunguka, na samaki anakwenda zake na mshipi wako.

Chumba cha ufundi kiko nyuma ya duka. Ukikaa humo baada ya saa sita mchana unaweza kusahau ulichofuata. Jua linaingia kwa dirisha la juu, linagusa maji ya kwenye beseni, na mwanga wake unachezacheza darini bila haraka yoyote. Bomba linatiririka kiduchu. Shangazi ameinamisha kichwa, macho kayafumba, mashine kaiweka sikioni, anaizungusha polepole mpaka nawe unajikuta unapumua kwa mwendo huo huo. Dereva mmoja wa lori alipitiwa na usingizi pale kwenye benchi la wateja, akaamka na kusema ameota yuko chini ya maji na hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alisahau chenji yake, akairudia kesho yake.

Baada ya kusikiliza, Shangazi alikuwa akisema ilikopita mashine hiyo. Hii imeanguka ufukweni. Hii imeoshwa kwa sabuni ya kufulia. Hii umemwazima shemeji yako, na usimwazime tena. Mara nyingi alipatia, na kwa habari za mashemeji sikumbuki siku aliyokosea.

Kaunta nako alikuwa na mtindo wake. Wauzaji wengine huuliza mteja anataka samaki gani. Yeye aliuliza: unasimama wapi? Anayesimama mtoni, vichaka mgongoni, alipewa fimbo fupi nyepesi na mshipi mwembamba. Anayesimama ufukweni na kurusha mbali alipewa ndefu, pamoja na ndoano zisizoshika kutu upesi. Bwana mmoja alitaka mashine kubwa kuliko zote dukani kwa ajili ya visamaki vya bwawa la nyuma ya nyumba yake. Shangazi alimwuliza kwa upole kama bwawa hilo lina nyangumi. Akaondoka na mashine ndogo, na mpaka leo ni mteja wetu.

Mimi nilifika miaka sita iliyopita nikitokea kwenye ufundi wa cherehani, kichwa kikubwa, nikidhani chuma ni chuma. Wiki ya kwanza aliniagiza kwamba kila mashine iliyotoka baharini ioshwe kwa maji baridi. Watu wa kazi hii wakisema maji baridi wana maana ya maji yasiyo na chumvi, kama ya mto au ya bomba. Mimi nilikwenda kwenye friji ya ofisini. Nilimimina chupa zote za maji, nikaongeza na barafu, nikazilaza mashine nne humo kwa moyo mweupe. Grisi iliganda, mikono ikagoma, na mashine zikawa nzito kama kinu cha kusagia. Shangazi hakunicheka mbele ya wateja. Aliingia stoo akafunga mlango, na sisi tukasikia maboksi yakitikisika humo kwa dakika tano nzima.

Alinifunza upya, tangu bomba. Kaza breki kwanza, maji yasipenye. Tiririsha, usifyatue kwa nguvu. Futa, anika kivulini, kisha ilegeze breki kabla ya kuihifadhi. Oili tone moja, si chupa. Pete za fimbo zipitishie pamba, na pamba ikinasa, hapo pana ufa utakaokata mshipi. Ukifunga skrubu, mifuo ya vichwa vyake, pale inapoingia bisibisi, yote ielekee upande mmoja, kwa kuwa mtu aliyepanga vichwa vya skrubu hajaacha kitu ndani.

Sasa nafika mahali ambapo Shangazi mwenyewe ameniagiza nifike, nisipapite kwa kunyata.

Mwezi wa tatu mwaka jana, daktari wa meno anayevua baharini kila Jumamosi alileta mashine yake. Shangazi aliisikiliza, akaifunga kitambulisho cha kijani, maana yake ni nzima. Nilipoiweka rafuni niliizungusha kidogo tu, nikasikia mkwaruzo. Ulikuwa wazi. Niliipeleka sikioni mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Nikinyamaza, mashine itakwama mbali na nchi kavu, na neno la Bi Sikio halitaaminika tena. Nikisema, nitamwambia fundi anayeishi kwa sikio lake kwamba sikio limemwacha. Nilichagua njia ya tatu, ya woga. Aliposhuka kwenda kula niliifungua, nikabadilisha beringi iliyopasuka, nikaifunga na kunyamaza. Katika miezi miwili iliyofuata nilifanya hivyo mara tatu zaidi.

Nyumbani kwake nako mambo yalikuwa hayo hayo. Mume wake, mwalimu mstaafu ambaye sauti yake ilizoea kufika darasa la tatu kutoka lake, alilaumiwa mwaka mzima kwamba siku hizi anaongea kwa kumumunya. Mzee wa watu alikwenda hadi kwa yule yule daktari wa meno kukaguliwa. Meno yalikuwa salama.

Ya nne ndiyo iliyoniumbua. Nilifunga skrubu kwa haraka, na mfuo mmoja ukaelekea upande wake. Shangazi aliiona mashine ikiwa bado rafuni. Aliileta, akaiweka mbele yangu, akakaa. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia. Akauliza ngapi, nikamwambia. Hakugomba. Alisema nilipaswa kumwambia siku ya kwanza, kwa kuwa mashine nne zilitoka mezani kwake na jina lake bila yeye kujua kilichomo. Kisha alilia, nami nikalia, na bomba likaendelea kutiririka pale kwenye beseni kana kwamba ni siku ya kawaida.

Alichofanya baadaye ndicho hasa kilichonifanya niandike. Aliwafuata wateja wote wanne, mmoja mmoja, akawaeleza. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Akaingia kwa meneja na kuvua cheo chake mwenyewe, akaomba abakishiwe muda wa kunifundisha tu. Tangu hapo mashine ninaisikiliza mimi. Yeye anaweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na kinachobaki cha sauti kinamfikia kwa njia hiyo. Mimi nasema ninachosikia, yeye ananiambia maana yake. Tumekaa hivyo mwaka mzima, jua darini, na kwangu hakujawahi kuwa na mwaka mzuri kazini kama huo.

Kifaa cha sikio anacho. Nyumbani kinamfaa kwa mjukuu na kwa mwalimu, ambaye ameombwa radhi rasmi. Lakini ukumbini, penye spika na watu wengi, anasema kinachanganya kila kitu kuwa kelele moja. Meneja alipopanga hotuba tano za kumuaga, Shangazi alijibu kwamba atakaa pale akitabasamu bila kuambulia neno, na kuagwa hivyo hakutaki.

Kwa hiyo Ijumaa hapatakuwa na hotuba. Maneno yetu yote ni haya, na nakala yake imechapwa kwa herufi kubwa.

Shangazi, tunakushukuru kwa kazi, kwa vicheko vya stoo, na kwa kutuonyesha namna mtu anavyoweza kusema "nimekosea" na bado akabaki fundi. Uende na afya, mwalimu akutunze nawe umtunze, na siku zako ziwe ndefu na tulivu. Usihangaike kututegea sikio. Soma polepole, tuna muda. Tumesimama wote mbele yako, tumenyamaza, na hatutapiga makofi mpaka utakapoinua macho.