Mama Tryphosa Bitutu, Aliyetembezwa Caldas da Rainha

Mama Tryphosa Bitutu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini karibu na mji wa Nyamira. Alisoma hadi darasa la saba, na walimu waliomfundisha hawakusikika wakilalamika alipoondoka, kwa maana mdomo ulikuwepo tangu zamani. Mwaka wa 1970 aliolewa na marehemu Abner Machogu wa Keumbu katika kanisa la Waadventista, wakajaliwa Duke, Purity na Damaris.

Aliuza ndizi katika soko la Daraja Mbili maisha yake yote. Mteja aliyebonyezabonyeza bila kununua aliambiwa aende akabonyeze za mamake. Ndizi hizo zilimsomesha Duke hadi akapanda ndege, na mwaka wa 2009 akahamia Ureno, mji wa Caldas da Rainha. Kila Disemba alisema anakuja. Kila Disemba mama alinenepesha jogoo, na Januari jogoo akaliwa na majirani.

Miguu ilipoanza kuvimba, Duke alimtumia tikiti akaoge maji ya moto ya huko. Mama alikwenda Mei 2022, lakini si kuoga kulikompeleka. Alitaka kumkumbusha mwanawe, ana kwa ana, kwamba kwetu jembe la kwanza la kaburi la mzazi hupigwa na kifungua mimba, na lake asipigiwe na mtu mwingine.

Duke akamtembeza. Alimwonyesha hospitali ya maji moto iliyoanzishwa na malkia zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Mama alinusa, akauliza ni nani aliyevunja yai viza. Soko la matunda lilikuwa safi, limetandazwa mawe ya mapambo, na wauzaji wamekaa kimya. "Hili si soko, haya ni matanga," akasema. Bustanini aliona bata wanono wakiogelea ziwani na hakuna wa kuwala, akawasikitikia wenyeji. Kwenye jumba la makumbusho walilipa kiingilio, wakaonyeshwa vyombo vya udongo vyenye umbo la kabichi.

"Duke, umenitoa Keumbu nilipie mboga isiyoiva?"

Kwenye benchi la bustani ile ndipo alipomwambia habari za jembe. Duke aliangalia saa. "Mama, hayo tutaongea. Twende kwanza tupige picha pale."

Jibu hilo mama alilisimulia mpaka mwisho, akiigiza sauti ya Duke, na hakucheka hata mara moja. Bakuli la umbo la kabichi alilopewa zawadi alilitumia kuwawekea kuku maji.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Purity na Damaris walimwogesha kwa maji ya sufuria, na alisema yanamfaa kuliko ya malkia. Duke aliarifiwa kila wiki. Alijibu kwa picha za ziwa. Mama alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, katika hospitali moja mjini Kisii. Tulisogeza mazishi mbele kumsubiri kifungua mimba, naye akasema mwezi huu kazi ni nyingi.

Jana jioni wazee walimtafuta binamu wa kushika jembe. Damaris, anayewasomea haya, alilichukua akalipiga mwenyewe. Mzee mmoja aliguna kwamba hiyo si kazi ya mtoto wa kike. Aliambiwa jembe la pili liko wazi.

Mama ameacha Purity, Damaris, wajukuu saba, na Duke, anayetutazama kwenye simu aliyoishika mjukuu Ian.

Duke, siku utakapokuja tutakutembeza. Tutakuonyesha migomba, kisha kuku na bakuli lao, halafu kaburi, mkono wa kulia, karibu na la baba. Picha unaruhusiwa. Kiingilio hakuna.

Mama apumzike sasa. Amengoja vya kutosha.