Sisimizi wa Hamamu ya Habla

Dukani kwa Samad, mwoka mikate, kuna ubao mbele ya tanuri, na asubuhi za baridi kali sisi wazembe wa mtaa huu wa Srinagar tunaukalia kama tumeurithi. Kila mtu na kijungu chake cha makaa ndani ya joho, kikombe cha chai ya chumvi mkononi, mdomo hauna kazi ila kuwachambua wasiokuwepo. Juzi ilikuwa zamu ya Manzur, mdogo wake Habla. Ndugu hawa waligawana nyumba ya baba yao kwa ukuta mmoja, na tangu hapo hawasemezani. Mama yao alibaki kwa Habla kwa sababu upande ule ndio wenye hamamu, kile chumba cha sakafu ya mawe kinachowashiwa kuni kwa chini, na kifua cha bibi wa watu hakiwezi baridi.

Habla alikuja amenuna. Sisimizi wamejaa hamamuni, akasema, wanapanda mpaka kwenye godoro la mama.

— Theluji hii? akauliza Redio, ambaye habari haimpiti. Sisimizi gani huyo asiyejua kwamba ni msimu wa kulala?

Nikasema pengine walikuwa wamelala chini ya yale mawe, moto ukawaamsha wakidhani baridi imekwisha. Hakuna aliyenisikiliza. Kwenye ubao ule jibu jepesi halina mnunuzi.

— Wametumwa, akasema Hakimu. Tunamwita Hakimu kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama. Nani yuko upande wa pili wa ukuta? akauliza.

— Manzur, akasema Habla.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi kainama, katoboa ukuta chini, anamwaga sukari kwako.

Redio akaapa alimwona Manzur akibeba sukari gunia zima. Samad akamkumbusha kwamba wiki ile Manzur alikuwa anaoza binti. Redio akasema hiyo ndiyo janja yenyewe, harusi ilikuwa kisingizio. Hakimu naye akaja juu: jamaa kawafuga kiangazi chote kwenye mitungi, anawaachia kidogo kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba.

— Anamtaka mama, akasema. Mama akihamia kwake, kesho atadai na hamamu. Kuna mwanasheria nyuma ya sisimizi hawa, nakwambia.

Habla aliyameza yote, na kila neno lilimkaza uso zaidi.

— Kwani mimi nimekaa bure? akasema. Jana jioni nimezima moto, nikafungua madirisha yote ya hamamu. Wagande. Tuone atatuma nini tena.

Tulimsifu, sote. Hakimu akampiga begani akasema dawa ya moto ni moto, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza moto gani.

Ndipo Manzur akaingia, theluji mabegani. Akaagiza mikate yake ya kila siku, halafu akaomba na ule mwembamba laini, unaoliwa na wasio na meno.

— Una mgeni? akauliza Samad.

— Mama. Nimemkuta mlangoni kwangu alfajiri, na soksi tu miguuni. Mpaka sasa hajaacha kukohoa.

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Akamgeukia Habla, mara ya kwanza tangu ule ukuta ujengwe.

— Kaka, ulipozima moto, ulimwambia mama akalale wapi?

Habla akainama, akachokora makaa ya kijungu chake. Redio akatazama tanuri. Hakimu, mwenye methali kwa kila jambo, akawa anakoroga chai ambayo haina sukari. Samad alimaliza kufunga mikate akaiweka mbele ya Manzur, naye hakuichukua. Alikuwa bado amesimama, anangoja ajibiwe.