Asteria Kasian Mkude na Zile Kanuni Hamsini

Marehemu Asteria Kasian Mkude alizaliwa Miono tarehe 9 Agosti 1981, mtoto wa tatu wa Mwalimu Kasian na Mama Katarina. Alisoma Miono, kisha sekondari Bagamoyo, na mwaka 2006 alihitimu shahada ya kompyuta Dar es Salaam.

Mwaka 2011 aliajiriwa Bagamoyo na mradi mmoja wa kilimo, kutabiri mafuriko ya bonde la mpunga. Hakuandika kanuni za kutabiri kwa mkono wake. Aliiachia kompyuta izizalishe. Kanuni mia tano zilipimwa kwa mvua za miaka iliyopita, zilizofeli zikafutwa, zilizofaulu zikachanganywa, zikazaa nyingine. Lakini hamsini alizilinda zisifutwe hata zikishika mkia, mradi hazifanani na nyingine.

"Dada Asteria, unafuga vilema?" meneja wake alimtania mbele ya watu.

"Nafuga wasiofanana, bosi. Wakibaki ndugu watupu, watakosea wote siku moja."

Alifunga ndoa na Vedasto tarehe 14 Juni 2008, wakajenga Zinga. Hata kuku wake walikuwa wa kila rangi. Jirani akimsifia jogoo mmoja, alikataa kumwachia uwanja wote.

Januari 2022 mradi ulitarajia wageni, meneja akataka kanuni zionyeshe alama za juu kwenye vipimo. Aliagiza zile hamsini zifutwe, nafasi zao zijazwe na wazao wa zilizofaulu. Alama zikapanda. Baada ya wiki chache kanuni zote zilitazama kitu kimoja tu: mvua ya bondeni. Aprili mvua ilinyesha milimani, bondeni jua likiwaka. Kanuni zote mia tano zikasema salama, na mradi ukawatangazia wakulima hivyo. Mzee Bwanausi na mkewe Ashatu walisikia tangazo hilo, wakabaki shambani. Maji yaliwachukua wote wawili. Tangazo lilikuwa na sahihi ya Asteria. Lawama akabebeshwa yeye, akahamishiwa stoo.

Zile hamsini alikuwa amezitunzia nakala. Alizipima kwa mvua ile ile. Ya pili kutoka mwisho kwa alama iliyaona maji siku mbili kabla.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka huo. Alifariki kwa kiharusi tarehe 3 Machi 2025. Siku zake za mwisho aliniambia, "Kaka, wasije wakasema nilikosea hesabu."

Ameacha mume, watoto wawili, Jasmin na Kasian, mama yetu, na mimi.

Jana meneja wake, aliyeketi nasi hapa, alituma mtu kuomba habari ya mafuriko isisomwe. Imesomwa. Sasa dada yetu na alale kwa amani.